Otele ya bei ndogo: tulichookoa, tulichopoteza

Likizo kubwa iliyopita tulipeleka watoto Kalemie kuona ziwa Tanganyika. Tuliacha otele ya dola 25 kando ya maji, tukalala siku 5 katika ile ya dola 10. Mama mwenye nyumba alitupokea vizuri, na kwenye jiko la uani tulipika wenyewe ugali na ndakala. Hapo tuliokoa. Lakini vyumba havikuwa na chandarua, na kufika ziwani kulitaka taksi-moto kila siku. Tuliporudi, kitindamimba wetu alishikwa na malaria. Moto na dawa zikala akiba yote. Bei ndogo si kosa. Kosa letu ni kulipa bila kuuliza: chandarua, maji, kufuli, umbali. Safari ijayo, chandarua kitatangulia kuingia katika valizi.