Gobori ileile, baruti ileile: kwa nini leo inapiga, kesho inakataa?



Mjomba wangu alikuwa mwindaji. Siku moja alipiga swala kwa mkupuo mmoja, kijiji kizima kikala. Kesho yake, gobori ileile, baruti ya chupa ileile, ikalia tu "tsss", moshi kidogo, nyama ikakimbia. Mjomba akasema kuna mtu anamwonea wivu. Akashindilia tena, akaongeza na baruti juu ya kuona ile ya kwanza ilikuwa dhaifu. Ile mara mtutu ukapasuka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikabaki porini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na hata mimi niliamini habari ya wivu mpaka nilipoanza kusoma kemia.

Sasa tuangalie vile kitu kinavyofanya kazi. Wazee wetu walikuwa na jina kwa kila kipande. Mdeki ni ile fimbo ya kushindilia. Marisaa ni zile risasi ndogondogo. Fataki ni kile kikofia kidogo kinachowasha moto, na kabla ya fataki kulikuwa na gumegume, jiwe linalotoa cheche. Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, kiberiti na makaa. Leo mwanafunzi anakuambia nitrati ya potasiamu bila kugugumia, lakini ukimuuliza shura anakutazama tu. Ni kitu kimoja!

Adui wa kwanza ni maji. Shura safi haivuti sana unyevu wa hewa, lakini shura chafu, yenye chumvi nyingine ndani, inavuta. Makaa nayo yanavuta. Na hewa yetu ya Maniema mnaijua: kuanzia mwezi wa tisa mvua inapiga, nguo zinakaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka. Chupa iliyofunguliwa mara kumi kwa msimu si chupa ileile tena, hata kama jicho halioni tofauti. Baruti yenye unyevu inawaka polepole, au inawaka nusu, au haiwaki kabisa. Ile "tsss" ya mjomba njo hiyo.

Kitu cha pili ni kipimo. Mwindaji anapima kwa kifuniko au kwa kiganja, maana yake anapima nafasi, hapimi uzito. Punje kubwa zinaacha hewa mingi katikati. Punje ndogo zinajipanga karibukaribu. Kifuniko kimoja cha hizi na kifuniko kimoja cha zile si uzito mmoja. Tena punje ndogo zinawaka haraka kuliko kubwa, kwa hiyo unabadilisha mambo mawili kwa wakati mmoja bila kujua. Na ukigonga kifuniko mara mbili mezani, tayari kimeingia zaidi.

Halafu kuna mtutu wenyewe. Risasi ikiwa ndogo kuliko tundu, gesi inapita pembeni na nguvu inapotea. Na baruti nyeusi ni chafu: zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi, inatoka kama moshi mweupe na masizi. Masizi hayo yanabaki ndani, yanavuta maji, yanakula chuma. Njo maana mkupuo wa kwanza wa asubuhi na mkupuo wa sita haufanani, hata mikono ikiwa ileile.

Kuhusu kuwasha, kuna jaribio moja ninalolipenda sana. Mwaka 1834, Woolwich kule Uingereza, walipiga mikupuo 6,000 kwa bunduki za gumegume na 6,000 kwa za fataki. Gumegume ilikataa mara 922. Fataki ilikataa mara 36. Maana yake, mwenye gumegume alitegemea kukataliwa karibu mara moja katika kila mikupuo sita na nusu. Hapo hakuna mchawi, kuna jiwe tu na cheche.

Haya mambo hayakuwa mchezo hapa kwetu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa gumegume na baruti ya biashara. Vita vilipoanza 1892 kati ya dola ya Léopold na watu wa Sefu, mwana wa Tippu Tip, wengi wa wapiganaji wa upande wetu walikuwa wakishindilia kwa mdomo wa mtutu. Askari wa dola walikuwa na Albini, ya kufunguliwa nyuma, yenye risasi za kiwandani: baruti imepimwa, imefungwa ndani ya shaba, maji hayaingii kwa urahisi. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili 1893. Januari 1894 kombora liliwasha moto boma la Rumaliza, na mwezi huohuo Kabambare ikachukuliwa. Sisemi kwamba baruti peke yake iliamua vita. Kulikuwa na mizinga, na kulikuwa na Gongo Lutete aliyegeuka upande. Lakini mtu anayesimulia vita vile bila kuuliza nani alikuwa na risasi zinazofanana, anasimulia nusu. Wenzangu wa historia mnaotafuta kichwa cha kazi ya mwisho, hapo kuna kazi.

Turudi kwa mjomba. Kilichomkata vidole ni mzigo wa kwanza uliobaki ndani. Aliamini umetoka, akaweka wa pili juu yake, tena mkubwa. Si yeye peke yake: baada ya vita vya Gettysburg, Marekani, 1863, walikusanya bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani. Kama 24,000 zilikuwa bado zimejaa, na karibu nusu ya hizo zilikuwa na mizigo miwili. Wale walikuwa askari waliofundishwa! Ndani ya kelele na woga, mtu hajui kama yake imelia.

Wazee waangalifu walikuwa na alama kwenye mdeki. Unauingiza mtutuni: alama ikikaa mdomoni, ndani ni tupu, ikibaki juu, kuna kitu. Mdeki wa mjomba ulikuwa na alama hiyo. Hakuangalia. Na bunduki ikilia "tsss", mtu anaacha mdomo wake umeelekea pasipo watu na anasubiri kwa muda, kwa sababu moto unaweza kuwa bado unatembea polepole ndani.

Jambo jingine nililoliona vijijini linaniogopesha zaidi: watu wanafungua risasi za kisasa na kumimina baruti yake ndani ya gobori. Ile haina moshi, na shindo lake ni jingine kabisa. Mtutu wa fundi wa kijiji haukutengenezwa kwa ajili yake. Hapo hakuna kipimo kizuri, hata kidogo ni kingi. Tena Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka ruhusa kwa silaha na risasi, kwa hiyo mwenye kuumia anaogopa hata kwenda hospitali.

Ukitaka kujua kosa liko wapi, katika bunduki au katika maabara ya chuo, badilisha kitu kimoja, acha vingine vyote vilivyo, rudia mara nyingi, andika. Mjomba siku ile alibadilisha vitatu: aliongeza baruti, alitumia fataki za pakiti nyingine, na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilipomweleza miaka mingi baadaye, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama ile chupa ingekuwa imefungwa kwa nta.

Nikamwambia ndiyo, ingesaidia.