Wauza vitu mtandaoni: Amini salio, si ujumbe wa mnunuzi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

FRIJI, simu, kochi au kitanda cha mtoto kisichotumika tena nyumbani, siku hizi huweza kupata mnunuzi kwa muda mfupi. Picha mbili, bei na namba ya simu zikishawekwa Facebook, Instagram au katika kundi la WhatsApp, wateja huanza kupiga kabla jua halijazama.

Wengi wa wateja hao ni waungwana wanaotafuta kitu cha bei nafuu. Hata hivyo, miongoni mwao wamo wasio na haja ya friji wala kochi. Wanachokitafuta ni fedha za muuzaji, taarifa zake au njia ya kufika nyumbani kwake.

Katika maduka ya Kariakoo, muuzaji na mnunuzi hutazamana usoni na fedha huhesabiwa mezani. Biashara ya mtandaoni huanza na mazungumzo matupu baina ya watu wasiojuana, na ni ndani ya mazungumzo hayo ambamo utapeli hupangwa na kutekelezwa.

Ndiyo maana kinga ya kwanza ni kanuni moja nyepesi. Chochote anachokileta mgeni, kiwe ujumbe wa malipo, picha ya risiti, kiungo au jina, ni neno lake tu hadi muuzaji atakapolithibitisha kwa njia yake mwenyewe.

Muuzaji ndiye aliye wazi zaidi

Aghalabu huonywa wanunuzi, lakini muuzaji ndiye anayejianika. Tangazo lake linaeleza kwamba ana mali, ina thamani gani na ipo mtaa gani. Mnunuzi kwa upande wake anaweza kuwa yeyote.

Namba ya simu pekee hueleza mengi. Mtu anapoanza kutuma fedha kwa simu, jina la mwenye namba humtokea kabla hajakamilisha muamala. Hivyo mgeni anaweza kulijua jina la muuzaji bila kumuuliza, kisha akalitumia kumzoea kana kwamba wanafahamiana.

Namba hiyo hiyo ikiwa na WhatsApp, huonyesha pia picha ya mwenyewe, pengine akiwa na watoto wake. Mipangilio ya WhatsApp inaruhusu picha hiyo ionekane kwa watu waliohifadhiwa kwenye simu pekee, na ni busara kufanya hivyo kabla ya kutangaza. Wenye uwezo hutenga laini ya pili kwa ajili ya biashara.

Picha ya bidhaa nayo ipigwe mbele ya ukuta mtupu. Geti, namba ya gari au sare ya shule ya mtoto ikionekana nyuma ya kochi humwambia mgeni mambo yasiyomhusu. Aidha, simu nyingi huweza kuhifadhi ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, na taarifa hiyo husafiri nayo ikiwa picha imetumwa kama faili kamili.

Katika mazungumzo, muuzaji ataje mtaa bila kutaja nyumba. Asieleze kwamba anahama mwisho wa wiki, kwamba mume wake amesafiri, wala kwamba mchana nyumbani hubaki msichana wa kazi peke yake.

Ujumbe unaosema, "Dada, friji bado lipo? Uko maeneo gani?" ni wa kawaida. Ukiendelea kwa kuuliza, "Nyumbani yupo nani wa kunifungulia?" muuzaji hana sababu ya kulijibu swali hilo kwa mtu ambaye bado hawajakubaliana bei.

Malipo yasiyokuwapo

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, kisha mitandao mingine ikafuata. Leo fedha za friji hulipwa kwa dakika moja. Kwa dakika hiyo hiyo, tapeli huandika ujumbe unaofanana na ule wa malipo halisi, wenye jina, kiasi na namba ya muamala, na kuutuma kwenye simu ya muuzaji.

Mara nyingi ujumbe wa aina hiyo hutoka kwenye namba ya kawaida badala ya jina la huduma. Lakini kutazama jina la mtumaji pekee hakutoshi, kwa kuwa nalo huweza kughushiwa. Picha ya skrini inayoonyesha kwamba fedha zimetumwa haina uzito wowote, kwani hutengenezwa kwa urahisi.

Ushahidi ni salio. Muuzaji apige mwenyewe menyu ya mtandao wake, yaani *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas iliyokuwa ikiitwa Tigo Pesa hadi mwaka 2024, *150*60# kwa Airtel Money au *150*88# kwa HaloPesa, kisha aangalie kama fedha zimeongezeka. Kabla ya hapo, friji lisitoke mlangoni.

Upo mtego mwingine unaofanana na huo. Chukua mfano wa friji la Sh350,000. Ujumbe unaingia ukionyesha Sh530,000, na mara mnunuzi anapiga simu kwa sauti ya unyonge: "Dada yangu, nimekosea tarakimu. Naomba unirudishie Sh180,000, nina mgonjwa hospitali."

Muuzaji mwenye huruma hutuma Sh180,000. Fedha hizo ni zake mwenyewe, kwa kuwa zile Sh530,000 hazikuwahi kuingia. Ikiwa kweli fedha zimeingia kwa makosa, mwenye kuzishughulikia ni mtandao wa simu, unaopatikana kwa namba 100. Muuzaji asizirudishe kwa mkono wake, tena kwenye namba nyingine aliyopewa.

Ikumbukwe pia kwamba mtu anayepokea fedha haombwi namba ya siri. Kiungo kinachomtaka muuzaji ajaze namba ya siri au namba za kadi ya benki "ili apokee malipo" ni cha wizi, hata kama kina nembo ya kampuni inayojulikana.

Vivyo hivyo kwa tarakimu sita zinazoingia kwa ujumbe wakati mnunuzi anadai, "Nimekutumia namba, nitajie nihakikishe wewe si tapeli." Hizo huwa ni tarakimu za kufungulia akaunti ya WhatsApp ya muuzaji kwenye simu nyingine. Akizitaja, akaunti itamtoka, na ndugu zake wataanza kuombwa mikopo kwa jina lake.

Dalali wa kivuli

Mbinu iliyo ngumu zaidi kuigundua ni ile ambayo ndani yake muuzaji na mnunuzi wote ni wa kweli, na tapeli haonekani kabisa.

Tapeli huchukua picha za tangazo la friji la Sh350,000 na kulitangaza upya kwa Sh250,000 akitumia namba yake. Mnunuzi halisi anapojitokeza, tapeli humpigia muuzaji na kumwambia, "Kaka, namtuma mdogo wangu aje aone friji. Nitalipa mimi, usizungumze naye habari za bei."

Kwa mnunuzi husema maneno yanayolingana na hayo: "Utamkuta shemeji yangu, atakuonyesha. Bei tumeshamaliza, usimuulize asije akaipandisha."

Mnunuzi anafika, analiona friji kwa macho yake, linawaka na linagandisha. Anaridhika na kutuma Sh250,000 kwa namba aliyopewa. Anapotaka kulibeba, muuzaji anadai hajapokea kitu. Wanabaki wawili barazani, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi, ilhali mwenye fedha amezima simu.

Ugomvi wa aina hiyo huweza kufika mbali, na hata mtu asiye na hatia akaitiwa kelele za mwizi mtaani. Kinga yake ni swali moja ambalo muuzaji anapaswa kumuuliza kila anayekuja kutazama mali: "Umeambiwa bei gani, na unamlipa nani?"

Tapeli hutegemea ukimya wa watu wawili. Mtu yeyote anayemkataza muuzaji kuzungumza na anayekuja kuchukua bidhaa, awe ndugu, fundi au dereva wa bodaboda, anastahili kutiliwa shaka papo hapo.

Mahali pa kukutana

Simu, kompyuta au kamera huweza kuuzwa mahali pa wazi penye watu, mchana, kwa mfano katika jengo la maduka lenye walinzi. Nchini Marekani, idara kadhaa za polisi zimetenga sehemu maalumu katika vituo vyao kwa ajili ya wanaokutana kuuziana vitu vya mtandaoni. Pasipo na utaratibu huo, karibu na benki au kwa wakala wa fedha panafaa, kwa sababu noti zinaweza kukaguliwa na kuwekwa kwenye akaunti hapo hapo.

Friji na kochi havibebeki kirahisi. Mnunuzi atalazimika kufika nyumbani, hivyo bidhaa isogezwe barazani au karibu na mlango kabla hajafika, na muuzaji awe na ndugu au jirani. Mgeni hana sababu ya kuingia chumbani.

Mahali na saa ya kukutana vikishakubaliwa, mabadiliko ya ghafla yakataliwe. Kuahirisha hadi kesho hakumpotezei muuzaji kitu ambacho bado anacho mkononi.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yenye majina ya pande mbili, namba za simu, maelezo ya bidhaa, bei, tarehe na saini hutosha kwa vitu vidogo. Kwa vitu vya thamani kubwa, wengi huandikishana katika ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mashahidi.

Kwa simu, iandikwe namba ya utambulisho wa kifaa, ambayo huonekana kwa kubonyeza *#06#. Muuzaji asikasirike akiombwa risiti ya awali. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, hivyo mnunuzi anayeuliza chimbuko la simu anajilinda.

Kitambulisho cha Taifa kionyeshwe mnapokutana, lakini picha yake isitumwe kwa mtu ambaye hajaonekana. Mwananchi anaweza pia kubonyeza *106# kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Ukishatapeliwa

Aliyetapeliwa apige 100 bila kuchelewa, kwa sababu fedha ambazo bado hazijatolewa huenda zikazuiwa. Namba ya tapeli iripotiwe kwenda 15040, ambayo ni namba ya kupokea taarifa za utapeli wa simu, kisha afike kituo cha polisi kilicho karibu na kupatiwa RB.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja udanganyifu kwa njia ya kompyuta na kujifanya mtu mwingine kuwa ni makosa ya jinai. Lakini kesi huhitaji ushahidi, na wengi huufuta wenyewe kwa hasira au aibu.

Ujumbe wote, namba, picha za tangazo na kumbukumbu za muamala vihifadhiwe kama vilivyo. Anayeogopa aibu akumbuke kwamba namba isiyoripotiwa leo ndiyo itakayompigia muuzaji mwingine kesho, ikiuliza kama friji bado lipo.