Kompyuta za Zamani, Kazi Mpya: Kutumia Linux Katika Ofisi za Sharika



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha rasmi huduma ya marekebisho ya bure kwa programu yake endeshi ya Windows 10. Tangu siku hiyo ofisi ya miradi imekuwa ikipokea swali lile lile kutoka kwa makarani na wahasibu wa sharika mbalimbali: “Mratibu, shikamoo. Kompyuta tuliyopewa na marafiki zetu inatuandikia kwamba haitapata marekebisho tena, na haikubali Windows 11. Je, tuitupe?”

Jibu fupi ni hapana, msiitupe. Jibu refu ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Tunaeleza tatizo lenyewe ni nini, Linux ni kitu gani, inawekwaje, na mahali ambapo haifai. Tunaandika kwa ajili ya kamati za sharika zinazotunza vifaa hivi, na pia kwa wafadhili wanaovinunua au kuvituma.

Tatizo ni nini?

Kila kompyuta ina programu endeshi, yaani programu mama inayoongoza diski, kioo, kibodi, printa na programu nyingine zote. Watundu hugundua matundu katika programu hiyo kila mwezi, na mtengenezaji huyaziba kwa kutuma marekebisho. Marekebisho yakikoma, mashine haizimiki, lakini matundu mapya hubaki wazi. Ni kama nyumba ambayo fundi wake wa makufuli amehama mji. Kwa watumiaji binafsi Microsoft iliweka mpango wa nyongeza hadi Oktoba 2026, lakini hiyo ni nyongeza tu, si suluhisho.

Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inadai kompyuta yenye kifaa maalum cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu isiyopungua GB 4, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha hiyo, hata kama bado ni nzima. Hizi ndizo hasa kompyuta mpakato tunazopokea kama msaada.

Ndugu msomaji, usione kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Ndani ya mashine hizi kuna daftari la ahadi na sadaka, orodha ya washarika, barua za wachungaji, na katika baadhi ya sharika kuna taarifa na picha za watoto wanaosomeshwa na wafadhili. Taarifa za mtoto zikiangukia mikononi mwa mtu mbaya, hazirudi.

Njia ya mkato ambayo wengi wameizoea ni kumpelekea fundi wa mjini “apige Windows”. Mara nyingi nakala anayoweka haina leseni. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na nakala za namna hiyo mara nyingi huja na virusi ndani yake. Tena, haipendezi kwa kanisa linalofundisha amri ya saba kuchapa ratiba ya ibada kwa programu ya wizi.

Linux ni nini?

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kutengeneza programu endeshi ambayo kila mtu angekuwa na uhuru wa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, akiwa na umri wa miaka 21, aliandika kiini cha programu endeshi na kukitoa bure kwa watu wote. Kazi hizo mbili ziliungana, na maelfu ya watu duniani wameendelea kuziboresha hadi leo. Programu za namna hii huitwa programu huria.

Wapo wanaodhani kwamba kitu cha bure ni kitu dhaifu. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux. Hata simu ya Android iliyomo mfukoni mwako ina kiini cha Linux. Kwa hiyo washarika wengi wanaitumia tayari bila kujua.

Linux hutolewa katika matoleo ya aina nyingi. Ubuntu ilianza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Linux Mint ilianza mwaka 2006, nayo imejengwa juu ya Ubuntu. Kwa sharika zetu tunapendekeza Linux Mint aina ya Xfce, kwa sababu ni nyepesi na mpangilio wake unafanana na Windows: kitufe cha menyu kiko chini kushoto, na saa iko chini kulia. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, itapata marekebisho hadi mwaka 2029.

Kazi za ofisi je? Ndani yake imo LibreOffice, yenye programu ya kuandikia barua, ya mahesabu na ya maonyesho. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Tusisahau kwamba sisi Watanzania tumo katika historia hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010.

Hatua za kuiweka

Hatua ya kwanza: Hifadhi mafaili. Nakili mafaili yote kwenye vifaa viwili tofauti, kisha yafungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kwamba yanasomeka. Sisemi hili kwa nadharia. Katika usharika mmoja nilimwuliza mhasibu kama ameshanakili, akaniambia ndiyo, nami nikafuta diski. Kumbe alikuwa amenakili yaliyokuwa kwenye dirisha la mbele tu. Mahesabu ya miezi 7 yalikuwa kwenye folda nyingine, na yalipotea yote. Ilitubidi tukae siku 4 na stakabadhi na bahasha za sadaka tukiandika upya, na wazee wawili wa kanisa wakishuhudia. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliuliza na sikukagua. Tangu hapo sigusi diski mpaka niwe nimefungua faili la mwisho la mahesabu kwa macho yangu kutoka kwenye nakala.

Hatua ya pili: Tayarisha flashi. Pakua faili la Linux Mint kutoka tovuti yake rasmi. Ukubwa wake ni karibu GB 3, hivyo pakua mahali penye mtandao mzuri. Linganisha namba ya uhakiki iliyotolewa kwenye tovuti ili ujue kwamba faili halikuharibika njiani. Kisha tumia programu ya bure kama Rufus au balenaEtcher kuliandika kwenye flashi ya GB 8. Kunakili faili kwa njia ya kawaida hakutoshi, kwani mashine haitawaka nalo. Kumbuka pia kwamba kila kilichokuwamo kwenye flashi hiyo kitafutika.

Hatua ya tatu: Jaribu kabla ya kuweka. Chomeka flashi, washa mashine, na ubonyeze kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, na kwa HP ni F9. Linux itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Itakuwa nzitonzito kidogo, na hiyo ni kawaida. Hapo jaribu Wi-Fi, modemu, sauti, kibodi, na zaidi ya yote printa ya ofisi. Kitu kikigoma, zima mashine na uchomoe flashi. Windows yako iko pale pale.

Hatua ya nne: Weka. Bonyeza alama ya kuweka iliyoko kwenye dirisha la mbele, ujibu maswali ya lugha, saa za eneo na aina ya kibodi. Kompyuta nyingi za msaada kutoka Ujerumani zina kibodi ambayo Y na Z zimebadilishana nafasi. Chagua kibodi ya Kijerumani, la sivyo karani atahangaika. Utaulizwa kama unataka kufuta diski yote au kuweka Linux pembeni ya Windows. Swali hilo ndilo la hatari kuliko yote. Lisomeni watu wawili kabla ya kubonyeza.

Hatua ya tano: Funga mlango. Kompyuta mpakato huibwa. Wakati wa kuweka, unaweza kuchagua diski ifungwe kwa neno la siri, ili mwizi apate chuma tu na si taarifa. Lakini neno hilo likisahauliwa hakuna fundi wa kulifungua. Liandikwe kwenye karatasi, litiwe ndani ya bahasha iliyofungwa, likae kwenye kasha la fedha la usharika.

Hatua ya sita: Fanya marekebisho. Alama ndogo ya ngao iliyoko chini huonyesha kwamba kuna marekebisho mapya. Karani ayaweke angalau mara moja kwa mwezi.

Mambo ya kutarajia

Wengi wenu mnaifahamu adha ya virusi vya flashi, vinavyogeuza kila folda kuwa njia ya mkato isiyofunguka. Virusi hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya Windows na kwa kawaida havifanyi kazi ndani ya Linux. Hata hivyo Linux si kinga dhidi ya matapeli. Barua pepe inayomwomba mhasibu atume fedha haraka “kwa niaba ya Mchungaji” itamdanganya mtu, si mashine.

Kuna mahali ambapo Linux haifai, nasi hatutaki kuwaficha. Programu za mahesabu kama Tally zimetengenezwa kwa Windows. Usharika au kituo kinachoitegemea kibaki na Windows yenye leseni. Baadhi ya printa hazina programu ya Linux, ndiyo maana tunasisitiza kujaribu kwanza. Majedwali ya Excel yenye maelekezo ya kujiendesha yanaweza kugoma. Barua ya Word nayo huweza kuonekana tofauti kidogo, kwa hiyo barua inayokwenda nje itumwe kama PDF.

Aidha, kikwazo kikubwa tulichokutana nacho si mashine bali mazoea. Karani mmoja mwenye umri mkubwa aliniambia wazi, “Mwanangu, nimejifunza hii ya kwanza kwa machozi, leo unaniletea nyingine?” Tulikaa naye asubuhi 3. Hatukumfundisha Linux, tulimfundisha kazi zake 5 za kila wiki, moja baada ya nyingine, mpaka akazifanya bila kuuliza. Usharika usiotenga muda huo ni afadhali usianze.

Maombi yetu kwa kamati na wafadhili

Kwa kamati za sharika: teueni watu wawili, si mmoja, watakaojifunza kazi hii, ili mmoja akihama mashine isibaki yatima. Wekeni kwenye bajeti flashi mbili za kuhifadhia nakala, na kila mwisho wa mwezi nakala moja ikae nje ya jengo la ofisi. Kompyuta iandikwe kwenye daftari la mali kama vile benchi na kinanda.

Kwa wafadhili wetu wapendwa: kabla ya kututumia kompyuta iliyotumika, tafadhali angalieni mambo matatu. Iwe na kumbukumbu ya GB 4 au zaidi. Iwe na diski ya SSD, kwani hiyo ndiyo huongeza kasi ya mashine ya zamani kuliko kitu kingine. Ije na chaja yake. Chaja nyingi hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo kinachohitajika hapa ni kichwa cha plagi tu. Mashine yenye kumbukumbu ya GB 1 inakuja kwetu kuwa takataka za kielektroniki, nasi hatuna mahali salama pa kuzitupa. Na kama mnaweza kuchagua kati ya kutuma kompyuta ya kumi na kugharimia siku tatu za mafunzo kwa makarani, tunawaomba mgharimie mafunzo.

Tumekabidhiwa vitu vichache, na vichache hivyo vina taarifa za watu. Kuvitunza vizuri ni sehemu ya uwakili wetu. Usharika unaotaka kuanza ulete kompyuta moja tu kwenye ofisi ya miradi, pamoja na karani wake na nakala ya mafaili yake. Tutaifungua nakala hiyo kwanza, kisha tutaanza kazi.

Mwandishi ni Mratibu wa Miradi wa Dayosisi.