Panya Walipigwa Mionzi Damu Ikaisha, Lakini Wengine Walirudi: Hii Ndio Siri Iliyookoa Wagonjwa wa Saratani ya Damu

Wasee wengi wakisikia neno "mionzi" akili inaenda straight kwa bomu, ama ile muvi ya jamaa anageuka jitu la kijani. Pole, lakini ukipigwa na mionzi mingi mwili mzima, hakuna nguvu za ajabu unapata. Kati ya vitu za kwanza kuumia ni damu. Na wale walitufunza hii maneno ni panya wadogo wa maabara.

Damu iko na kiwanda

Seli za damu hazikai milele. Zile nyekundu, zenye hubeba oksijeni, zinaishi karibu siku 120 kwa binadamu na kama siku 40 kwa panya. Chembe za kugandisha damu zinapiga kama siku 8 hadi 10 kwa mtu. Nyutrofili, wale askari wa kwanza kufika bakteria wakivamia, wanaisha kwa masaa ama siku chache tu.

So mwili lazima uchape kazi usiku na mchana kutengeneza zingine. Hiyo kiwanda iko ndani ya mifupa, kwa ile nyama laini inaitwa uboho. Ndio, ile unafyonzanga kwa mfupa ukimaliza supu. Humo ndani kuna seli chache zinaitwa seli shina. Hizo ndio mamake seli zote za damu.

Mionzi inachapa wapi?

Mionzi mikali inakata DNA. Seli ikijaribu kugawanyika na DNA imekatika, mara nyingi inakufa. Kwa uboho seli zinagawanyika bila kupumzika, so hapo ndio kunaumia ile mbaya.

Sasa cheki hii: seli nyekundu iliyokomaa haina hata DNA, so mionzi haiishtui sana. Ile kitu inafanya damu iishe ni kiwanda kufungwa. Zilizoko zinazeeka, zinakufa, na hakuna zingine zinakuja.

Mionzi inapimwa kwa grei. Kwa panya wengi wa maabara, grei kama 6 hadi 9 za mwili mzima zinaua nusu yao ndani ya siku 30, kulingana na aina ya panya. Mambo huenda hivi:

- Masaa ya kwanza: limfosaiti, aina moja ya seli nyeupe, zinaporomoka. Hizi ni laini sana, hazingoji hata kugawanyika ndio zife.
- Siku chache baadaye: nyutrofili zinashuka. Mlango umebaki bila soja.
- Kuelekea wiki ya pili: chembe za kugandisha zimepungua na panya anaanza kuvuja damu ndani kwa ndani.
- Pole pole: seli nyekundu nazo zinapungua, juu zinaishi kuliko zingine.

Wengi wanakufa kwa maambukizi na kuvuja damu, si kwa kuchomeka. Lakini dozi ikiwa ndogo, seli shina chache zinabaki hai, zinaanza kuzaana upya, na baada ya wiki kadhaa hesabu ya damu inapanda tena. Hiyo haimaanishi ameponea kila kitu. Uboho unaweza kubaki dhaifu kwa muda mrefu, na hatari ya saratani baadaye inaongezeka.

Wengu moja, maisha yote

1949, daktari Leon Jacobson wa Chicago alifanya kitu ya ajabu. Alifunika wengu ya panya na risasi. Si ya bunduki, ni ile metali nzito ya betri ya gari. Kisha akawapiga panya na mionzi ya kuua. Wengi wakapona! Kwa panya, wengu pia hutengeneza damu, so kipande kimoja kilichofichwa kilitosha kuokoa mwili mzima.

1951, Egon Lorenz na wenzake wakaonyesha ukimdunga panya aliyepigwa mionzi uboho wa mwenzake, anaweza kupona. Watu wakabishana: ni kemikali fulani ndio inaponya, ama ni seli zenyewe? 1956, wanasayansi wa Uingereza wakatumia seli zenye alama kwa kromosomu na wakamaliza ubishi. Ni seli. Zinahamia mifupani na kufungua kiwanda upya.

1961 kule Toronto, James Till na Ernest McCulloch wakaona vinundu kwa wengu za panya waliodungwa uboho. Ukidunga seli nyingi, vinundu vinaongezeka. Baadaye ikathibitishwa kila kinundu kimetoka kwa seli moja tu. Hapo seli shina zikapata ushahidi.

Hiyo inakusaidia aje?

Hiyo ndio msingi wa kubadilishiwa uboho, kazi iliyompa E. Donnall Thomas Nobel mwaka wa 1990. Mgonjwa wa saratani ya damu anamalizwa uboho mbaya kwa dawa kali, wakati mwingine na mionzi, kisha anawekewa seli shina safi.

Na usianze kuogopa eksirei. Ya kifua ni kama milisivati 0.1. Ndio ufikie grei 6, ungehitaji kama 60,000 kwa mpigo. Simu yako nayo haina nguvu ya kukata DNA. Wanaotibiwa kwa mionzi ya saratani hulengwa sehemu moja, uboho mwingine unabaki salama, na madaktari huendelea kucheki damu yao.

So ukiona ile paybill ya kuchangia msee apelekwe India abadilishiwe uboho, jua pesa ni nusu ya stori. Lazima kuwe na mtu wa kutoa seli zinazofanana na zake. Ndugu wa baba na mama mmoja ako na nafasi 1 kwa 4 ya kufanana naye kabisa. Na ile uvumi ya mtaa ati ukitoa uboho unaishiwa? Zii. Wanachukua kidogo tu, na kiwanda yako inajaza pengo kwa wiki chache. Kama panya aliyebaki na wengu pekee aliweza, wewe na mifupa yote utashindwa?