Uliona nini, na unaonaje? Lugha na stadi za msingi za uchunguzi wa sayansi

Majuzi mpwa wangu aliye Kidato cha Nne alinijia na karatasi ya mazoezi ya Kemia iliyojaa alama nyekundu. Huyu binti hajui kunung'unika polepole. "Anko, hebu soma hapa. Tulichoma chumvi kwenye neli ya kioo, maji yakatoka, nikaandika maji. Mwalimu akanikosesha! Sasa alitaka niandike nini, soda?" Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mambo ya chumvi na neli niliyaacha zamani. Akanijibu kwamba hapo tatizo si Kemia, tatizo ni maneno. Nilipoisoma karatasi yenyewe, nikakubali kwamba amesema kweli kuliko alivyodhani.

Katika mtihani wa vitendo wa Kemia wa KCSE, jedwali la majibu huwa na safu mbili. Safu ya kwanza ni ya kile ambacho mtahiniwa ametambua kwa macho, pua, masikio au mkono wake. Ya pili ni ya maana ya kile alichokitambua. Alichokiona binti huyu ni matone ya kiowevu kisicho na rangi, yaliyojishika kwenye sehemu ya juu ya neli iliyokuwa baridi. Kwamba matone hayo ni maji, hilo hakuliona. Alilijaza mwenyewe kutoka kichwani. Spiriti pia ni kiowevu kisicho na rangi, na asidi kadhaa ni vivyo hivyo. Lau angechukua karatasi ya kobalti kloridi akaigusisha na matone yale, ikageuka kutoka buluu hadi waridi, hapo angekuwa na haki ya kusema ni maji, na angelisema katika safu ya pili.

"Lakini anko, niliyaona na macho yangu!"

Msomaji, kitenzi hicho ndicho kinachonishughulisha leo. Kuona kwa Kiswahili ni kazi nzito. Tunaona mtu kwa macho, lakini pia tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona haya, tunaona uchungu. Kisha tunaona kwa maana ya kufikiri: "naona tungoje kidogo," "naona mvua itanyesha," "wewe unaonaje?" Kusikia nako si kwa masikio tu, kwani twasikia harufu na twasikia kiu. Mtu anaposema "naona ameondoka" huenda hakumwona akiondoka hata kidogo. Ameona kiti kitupu, au gari halipo, akafikia uamuzi. Kauli moja imebeba tukio na uamuzi kwa pamoja, wala haituambii mpaka uko wapi.

Si kwamba lugha yetu ina kasoro. Kiingereza nacho hutumia neno lake la kuona kwa maana ya kuelewa. Isitoshe, Kiswahili kina vifaa vya kutosha vya kueleza mtu amejuaje jambo, ila hatuvitumii darasani. Linganisha "nimeona ametoka" na "naona ametoka." Ya kwanza ni ya shahidi na ya pili ni ya mwenye maoni, na tofauti imeletwa na -me- na -na- tu. "Eti" humwonya msikilizaji kwamba msemaji amelipata jambo kwa watu na halidhamini. "Kumbe" huonyesha kwamba ukweli umekuja kinyume na matarajio. "Huenda," "yaelekea" na "yamkini" hupunguza uzito wa madai. Mtoto wa darasa la nne anazimudu "eti" na "kumbe" barabara anaposimulia ugomvi wa uwanjani. Mwambie aandike ripoti ya sayansi, na yote huyeyuka, kila sentensi ikawa na uhakika uleule.

Wataalamu wa elimu huyaita mambo haya stadi za mchakato wa sayansi. Orodha inayofahamika zaidi ilienezwa katika miaka ya 1960 na mtaala ulioandaliwa na Chama cha Marekani cha Maendeleo ya Sayansi, kwa wazo kwamba mtoto afunzwe anachofanya mwanasayansi badala ya kukariri alichogundua. Stadi za msingi kwa kawaida hutajwa sita: kutazama kwa makini, kupima, kuainisha, kuwasilisha habari, kufasiri na kutabiri. Kufasiri hapa nakutumia kwa maana ya kukipa maana kilichoonekana, si kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine. Na kutabiri kwa mwanasayansi si ramli. Ni kusema kitakachotokea kwa kutegemea mpangilio ambao tayari umeshauona, kisha kukaa tayari kuaibika.

Kuainisha, wanafunzi wa Kiswahili wanakujua hata kabla ya kuingia maabara, maana wamesulubika na ngeli. Kifaru na kiboko vimeanza kwa ki-, na wingi wake ni vifaru na viboko. Mbona basi tunasema "kifaru amelala" wala si "kimelala"? Ukiainisha kwa kigezo cha umbo la nomino, kifaru ni ndugu ya kiti. Ukiainisha kwa upatanisho wa kisarufi, kama tunavyofanya katika shule zetu, ni ndugu ya mwalimu, katika A-WA. Vitu ni vilevile, kigezo ndicho kimebadilika. Mwanafunzi anayeelewa hivyo hatashangaa kumkuta popo miongoni mwa mamalia ilhali anaruka kama ndege. Kosa ni kuanza na kigezo kimoja na kumaliza na kingine, na hilo ndilo humfanya mtu aweke kiongozi katika KI-VI.

Ila stadi inayowashinda wengi, wakiwemo watu wazima wenye shahada, ni ile ya binti yetu: kutenga kilichoonekana na kilichofikiriwa. Ushahidi bora ninaoujua umetoka hapa karibu, ng'ambo ya mpaka.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, nchini Tanganyika. Wavulana wa shule hiyo walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, kisha wanaingiza kwenye friza. Nafasi ilikuwa finyu, na siku moja mwenzake mmoja aliwahi na maziwa ambayo hata hayakuchemshwa. Mpemba akaona (kwa macho na kwa akili) kwamba akingoja yake yapoe atakosa nafasi, basi akayatia yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu alikuta yake yameganda ilhali ya mwenzake bado ni uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa Fizikia imekuwaje, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani.

Hebu tupime jibu hilo kwa stadi tulizotaja. Mwanafunzi ameleta alichokiona. Mwalimu hakumuuliza aliona nini, vyombo vilikuwa sawa, maziwa yalikuwa kiasi gani. Alichukua utabiri wake mwenyewe, kwamba chenye joto jingi lazima kichelewe, akautumia kufuta utazamaji wa mwenzake.

Mpemba alinyamaza, hakusahau. Rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kwamba naye huanza na mchanganyiko wa moto kwa sababu huganda upesi. Alipofika Shule ya Sekondari ya Juu ya Mkwawa, Iringa, wakasoma kanuni ya Newton kuhusu kupoa, akauliza tena. Safari hii mwalimu alimfanyia mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na wenzake wakaufanya mzaha huo kuwa wimbo kila alipokosea hesabu. Siku moja alikuta maabara ya Biolojia iko wazi, akaingia na vyombo viwili vya kupimia, kimoja kikiwa na maji ya mfereji, kingine maji moto, akaviweka kwenye friza. Baada ya saa moja hakuna kilichoganda chote, ila kile cha maji moto kilikuwa na barafu zaidi. Ninachomvulia kofia ni kwamba hakutangaza ushindi. Alisema matokeo hayo hayatoshi, akapanga kurudia.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dkt Denis Osborne wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama na swali. Chukua vyombo viwili vinavyofanana, tia maji kiasi sawa, kimoja kiwe cha nyuzi 35 za selsiasi na kingine nyuzi 100, uviweke kwenye friza. Kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Kwa nini? Tazama swali lenyewe lilivyojengwa. Halina "moto sana" wala "baridi kiasi." Kuna vyombo vinavyofanana, ujazo sawa na joto kwa tarakimu. Hiyo ndiyo stadi ya kuwasilisha habari, na bila tarakimu hizo mgeni asingekuwa na la kujaribu.

Wanafunzi walicheka. Osborne alimuuliza kama kweli amelifanya jambo hilo, akaahidi kulijaribu. Alipomkabidhi fundi wake wa maabara kazi hiyo, fundi alirudi na habari kwamba maji moto yalitangulia kweli, lakini asiwe na wasiwasi, ataendelea kurudia hadi apate jibu sahihi! Nacheka kila ninapokumbuka kauli hiyo, kisha nakumbuka ni mara ngapi katika maabara zetu wanafunzi hunakili usomaji wa kipimajoto kutoka kwa jirani kwa sababu wa kwao "umekataa." Fundi yule angalau alisema wazi alichokipata.

Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea usimamizi wa wanyamapori karibu na Moshi. Jina lake likabaki kwenye jambo hilo hadi leo.

Ningeishia hapo hadithi ingekuwa tamu: kijana alikuwa sahihi, wakubwa wakaaibika. Lakini mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha majaribio yao na kusema hawakupata ushahidi wa maana kwamba maji moto hupoa hadi nyuzi sufuri upesi kuliko ya baridi. Walionyesha pia kwamba ukiweka kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu, unaweza kupata athari ambayo haipo, kwa kuwa maji ndani ya chombo hayana joto moja kutoka juu hadi chini. Tena walikuwa wakipima kupoa, na kupoa si kuganda. Maji huweza kushuka chini ya sufuri yakabaki kiowevu. Wengine wamependekeza mvuke unaopotea, hewa iliyoyeyuka majini, mizunguko ya maji ndani ya chombo. Mjadala haujafungwa.

Je, Mpemba alikosea basi? Maziwa yake yaliganda mbele ya ya mwenzake, hilo hakuna sentimita inayoweza kuliondoa. Kinachobishaniwa ni maana yake: ni joto lililofanya hivyo, au sukari, au kuchemshwa, au mahali trei ilipowekwa ndani ya friza? Safu ya kwanza yake imesimama zaidi ya miaka 60, hii ya pili bado inafutwa na kuandikwa upya.

Kwa walimu wa Sayansi Jumuishi katika shule za sekondari ya msingi, ambao najua hufundisha kwa Kiingereza na kufafanua kwa Kiswahili kengele ikikaribia, ombi langu ni dogo. Ulizeni maswali mawili, na kwa mpangilio huu: kwanza "uliona nini?" kisha "unaonaje?" Kitenzi ni kilekile, ila mtoto hujibu tofauti kabisa.

Mpwa wangu nilimsimulia haya yote tukinywa chai. Jioni ile friji yetu ilikuwa imejaa sukuma wiki, hata hivyo akajitafutia nafasi ya vikombe viwili, akataka rula ili maji yalingane. Kwenye daftari aliandika: saa mbili na nusu usiku, kikombe A kina utando mwembamba wa barafu pembeni, kikombe B hakina. Safu ya pili ameiacha wazi.