Je, Wajua? Kadi za Hisani na Mkopo wa Mama wa Kiwira

Katika soko la Kiwira, kando ya barabara ya Mbeya–Tukuyu, mama anayenunua mikungu ya ndizi kwa jumla anahitaji mtaji leo, si mwezi ujao. Mbali huko, kuna kampuni zinazotangaza kwamba kadi na huduma zao zinawasaidia wakopaji wadogo kama yeye. Tuifuate hiyo fedha.

Je, wajua kadi ya hisani inaweza kuchangia bila mnunuzi kuongezewa bei? Ukilipa kwa kadi, duka hukatwa asilimia ndogo ya mauzo. Sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi, nayo benki hulimegea shirika la hisani fungu walilokubaliana.

Je, wajua mfano maarufu wa ubia wa kadi na hisani ni wa mwaka 1983? American Express ilichangia senti 1 ya dola kila mteja alipotumia kadi yake, ili kukarabati Sanamu ya Uhuru ya New York. Zilipatikana dola milioni 1.7.

Je, wajua mwaka 2006 kampuni hiyohiyo ilitoa nchini Uingereza kadi ya RED, iliyopeleka asilimia 1 ya manunuzi kwenye Mfuko wa Dunia kwa ajili ya vita dhidi ya UKIMWI? Piga hesabu: kwa kiwango hicho, ili mfanyabiashara mmoja wa ndizi apate mtaji wa Sh 1,000,000, wenye kadi lazima wanunue vitu vya Sh milioni 100.

Je, wajua Kiva, shirika la Marekani la mikopo midogo kupitia intaneti, lilianzia kwa jirani zetu? Mwaka 2005 wakopaji wake wa kwanza walikuwa wafanyabiashara saba wa Tororo, Uganda, na mikopo yao yote ilifika dola 3,500. Kampuni ya PayPal ilikubali kupitisha malipo ya Kiva bila kukata ada, hivyo mtu anayetoa dola 25 hapunguziwi kitu njiani.

Je, wajua Kiva iliwahi kuwa na kadi ya ubia? Kampuni ya Advanta iliahidi wenye biashara ndogo Marekani kwamba wakikopesha kupitia Kiva kwa kadi yake, nayo itaweka kiasi kilekile, hadi dola 200 kwa mwezi. Mwaka 2009 Advanta ilizifunga kadi zake, na Novemba mwaka huohuo ikaomba kinga ya mufilisi mahakamani. Mfadhili akianguka, msaada wake huanguka naye.

Je, wajua mtu anayekopesha kupitia Kiva hapati riba, lakini mkopaji kwa kawaida hulipa? Taasisi ya mikopo iliyo karibu naye huitoza ili kulipia maofisa, safari na hasara. Mara nyingi pia mkopaji huwa ameshapewa fedha kabla picha yake haijawekwa mtandaoni. Michango hurudisha fedha za taasisi ili ikopeshe wengine.

Je, wajua M-Pesa ilibuniwa kwa ajili ya mikopo midogo? Vodafone, kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza, iliijaribu Kenya mwaka 2005 pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu, ili wakopaji wapokee mikopo na kufanya marejesho kwa simu. Watu wakaanza kutumiana fedha wenyewe. Huduma ilizinduliwa Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Ubia huu umemfikia mama wa sokoni kuliko kadi yoyote ya hisani.

Je, wajua Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 imegawa watoa huduma katika madaraja manne? Vikoba vimo daraja la nne, na usajili wake hufanyika kupitia halmashauri.

Je, wajua kila halmashauri, Rungwe iliko Kiwira ikiwemo, hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba? Wanawake wametengewa asilimia 4, vijana asilimia 4, na watu wenye ulemavu asilimia 2. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii kabla ya kukimbilia mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu.

Kwa hiyo, taasisi ikikujia na nembo ya mfadhili mkubwa, uliza: Riba ni kiasi gani kwa mwezi? Ada ya fomu na bima ni shilingi ngapi? Nikichelewesha rejesho, nini kinafuata? Mfadhili akijitoa, masharti yangu yatabadilika? Dai majibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, kabla ya kusaini. Hisani ambayo haionekani kwenye mkataba wa mkopaji bado haijamfikia.