Fahamu: Kwa nini pikapu inakunywa mafuta mjini
Pikapu ya dabo kebini, kama Toyota Hilux, ina uzito wa karibu tani 2 hata bila mzigo. Kuitoa kwenye taa za barabarani hadi ifike kilomita 50 kwa saa huchoma takriban kijiko kikubwa kimoja cha dizeli. Mara bodaboda anakatiza mbele, dereva anakanyaga breki, na karibu nguvu yote ya mwendo ule inageuka joto kwenye breki. Kisha anaanza upya. Hapo ndipo mafuta mengi yanapoishia. Upepo unaokinza bodi lake pana husumbua zaidi kwenye safari za kasi kuliko mjini. Mjini, ongeza injini inayonguruma foleni ikiwa imesimama, kiyoyozi kikiwaka. Kabla hujamlaumu fundi, pima upepo wa matairi, shusha mizigo isiyo na kazi, na ukiona taa nyekundu mbele, ondoa mguu kwenye mafuta mapema.